Binti akibalehe mapema, ni lazima apigwe MRI ya kichwa?

Mzazi, unamwogesha binti yako wa miaka saba, unaona titi moja limeanza kuchomoza. Ukiligusa, anasema linauma. Jirani anakwambia ni kuku wa kisasa, bibi yake anasema mtoto amerogwa, na wewe usiku unawaza: au ana uvimbe kichwani?

Tuanze na umri. Msichana anayeota matiti kabla ya kutimiza miaka 8 amewahi kubalehe. Balehe huanzia kwenye ubongo, ambao huiamsha tezi ya pituitari, nayo ikatuma homoni za kuamsha ovari. Kwa wasichana wengi waliowahi, mwamko huo umekuja mapema tu, na picha ya kichwa haionyeshi kasoro. Kwa wachache kuna kilichousukuma: kivimbe, maji yaliyojaa kichwani, au madhara ya homa ya uti wa mgongo.

Vipimo vya kwanza

Kwa hiyo MRI si kipimo cha kwanza. Daktari atampima urefu na uzito, atamkagua kuona kama ni titi kweli au ni mafuta ya unene, ataomba eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa, na damu ya kupima homoni. Homoni zikionyesha kuwa chanzo ni ovari au tezi iliyo juu ya figo, picha ya ubongo haitasaidia.

Nani asisubiri

Mtoto wa chini ya miaka 6 aliyethibitika kubalehe apigwe picha, kwa kuwa uwezekano wa kukuta tatizo ni mkubwa zaidi. Wa umri wowote asicheleweshwe akiwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutapika asubuhi, kuona vibaya, kiu na mkojo mwingi kupita kiasi, au degedege. Kuna degedege la kucheka: mtoto anacheka ghafla bila sababu, mara kwa mara. Watu husema ni mapepo, kumbe laweza kutokana na kivimbe kidogo chini ya ubongo.

Kama binti yako alizaliwa na kichwa kikubwa au mgongo wazi, hata kama aliwekewa mpira wa kutoa maji akapona, mwangalie zaidi. Watoto hawa huwahi kubalehe kuliko wenzao.

Kwa wa miaka 6 hadi 8 asiye na dalili hizo, uwezekano ni mdogo na madaktari hutofautiana. Muulize daktari: majibu ya picha yatabadilisha nini katika matibabu? Ni swali la haki, hasa kwako unayevuka ziwa kutoka Ukerewe na nauli ya kukopa.

Siku ya kipimo

MRI haiumi wala haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku kubwa yenye kelele. Mvue hereni, vibanio na pini, na waambie wahudumu kama ana mpira kichwani. Atalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi. Mdogo hupewa dawa ya usingizi, hivyo fuata maelekezo ya kutokula. CT-Scan hutumia mionzi na yaweza kukosa kivimbe kidogo, kwa hiyo uliza ni ipi anayohitaji.

Usikae nyumbani ukisubiri. Balehe ya mapema hufunga mifupa upesi, na binti aliyekuwa mrefu darasani huishia mfupi. Zipo sindano za kuisimamisha hadi umri wake ufike. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, beba kadi yake ya kliniki, omba rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, njia hiyo hufika Bugando.

Na usimgombeze. Hajafanya kosa. Mwili umewahi, lakini yeye bado ni mtoto wa miaka saba, na anahitaji ulinzi wako kuliko jana.