Je, Pombe Huondoa Huzuni?

Mtu akipatwa na huzuni, mara nyingi wenzake humwambia, "Njoo unywe, usahau." Naye hunywa, akachangamka kwa saa chache. Asubuhi huzuni humrudia, akanywa tena, akisema kwamba dawa ya moto ni moto.

Katika mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Sandra Brown na Marc Schuckit, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya wanaume 191 waliolazwa hospitalini ili waache ulevi. Kila juma walipimwa huzuni yao kwa maswali. Mwanzoni, watu 42 katika kila 100 walikuwa na huzuni nzito iliyo ugonjwa. Baada ya majuma manne bila pombe, walibaki 6 tu katika kila 100.

Basi kwa wengi wao pombe haikuwa dawa ya huzuni, ndiyo iliyoilea.

Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa; na aende kwanza kwa daktari. Na yule ambaye huzuni haimtoki hata baada ya kuacha, asione haya kurudi hospitalini, kwani huo ni ugonjwa, wala si uvivu.