Fundi Anayeahidi Namba Moja



Mwezi uliopita nilikuwa Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana banda la mabati na mashine moja ya kukamua alizeti. Mbegu hununua kwa wakulima wa hapo hapo na wa vijiji vya jirani, mafuta huuza kwa dumu na kwa lita, mashudu huwauzia wafugaji. Miaka yote wateja wake wamekuwa watu wanaomjua. Mwaka huu akaamua kuwatafuta wasiomjua: wenye maduka wa Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, ambao mafuta ya Singida huwafikia yakiwa yamepita mikono mitatu au minne, na kila mkono umeongeza bei yake. Akamlipa kijana mmoja amtengenezee tovuti. Ikatengenezwa. Ina picha za alizeti zilizochanua, ina namba ya simu, inapendeza.

Shida ilikuwa moja. Ukichukua simu ukaandika kwenye Google "mafuta ya alizeti Singida", tovuti ya mdogo wangu haionekani. Ukurasa wa kwanza haimo, wa pili haimo, wa tano haimo.

Ndipo akapigiwa simu na mtu aliyepata namba yake katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. "Bosi, mimi nakuweka namba moja Google ndani ya siku saba. Laki nne tu, nusu advansi." Laki nne hizo mdogo wangu alikuwa nazo; alizitenga kwa ajili ya kununulia mbegu msimu ukifika. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa redio, mambo haya unayajua. Nitume au nisitume?"

Nilimjibu ukweli, kwamba siyajui. Nikamwomba asitume kitu kwanza. Nikarudi mjini, nikasoma, nikawauliza wanaoifanya kazi hiyo. Ninayoyaeleza leo ndiyo niliyompelekea.

Mafundi hao hujiita watu wa SEO. Ni herufi tatu za Kiingereza, na maana yake ni kuitengeneza tovuti ili mitambo ya kutafutia, hasa Google, iisome vizuri na kuitanguliza. Wengi wao hawana ofisi. Hufanya kazi nyumbani, mmoja mmoja, kwa makubaliano ya simu. Hilo peke yake si kosa. Hata fundi cherehani bora mtaani kwangu hana kibao mlangoni. Tofauti ni kwamba suruali ukishonewa unaivaa na kuona kama imekaa. Kazi ya huyu wa Google huioni. Unalipa, halafu unasubiri.

Kwa hiyo lazima ujue kidogo kinachofanyika. Google ina programu zinazopita usiku na mchana kwenye tovuti za dunia, zikisoma kurasa na kuziweka katika faharasa kubwa. Mtu akiandika swali, Google haiendi kuzunguka dunia. Inafungua faharasa yake na kupanga majibu kwa namna inavyoona yanafaa. Juu au katikati ya majibu hayo huweka matangazo ya kulipiwa, yenye alama kwamba ni matangazo. Majibu ya kawaida hayauzwi. Hakuna mtu ndani wala nje ya Google wa kumpa chochote akuinue.

Hapo ndipo ujanja wa kwanza unapoingia. Fundi anaahidi namba moja kwa siku saba, anachukua laki nne zako, analipia tangazo kwa sehemu ndogo ya hela hiyo, na kweli siku ya saba unajiona juu. Unafurahi. Hela ya tangazo ikiisha, nawe umeshuka. Kulipia tangazo ni jambo halali, lakini basi aseme anakuuzia tangazo.

Ujanja wa pili ni mwepesi zaidi. Anakutumia picha ya simu inayoonyesha tovuti yako ikiwa ya kwanza, na ukitazama kilichoandikwa juu, ni jina la kampuni yako mwenyewe. Ni nani mwingine angekuwa wa kwanza kwa jina lako? Mwenye duka wa Morogoro hakujui, kwa hiyo hawezi kuandika jina lako. Anaandika "mafuta ya alizeti ya jumla" au "bei ya dumu la alizeti". Tena majibu ya Google hubadilika kulingana na mahali ulipo. Unachokiona ukiwa Sepuka si lazima ndicho anachokiona mtu aliye Kariakoo. Mwombe ndugu yako aliye huko aandike maneno hayo kwenye simu yake, akusomee.

Google yenyewe imeandika katika maelekezo yake kwa wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba matokeo ya kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja. Nilipomsomea mdogo wangu sentensi hiyo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyu wa siku saba ana Google yake?"

Lipo baya kuliko kupoteza hela, nalo ni kuadhibiwa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha Google juu ya wazo hili: ukurasa ambao kurasa nyingine nyingi zinauelekeza, hasa kurasa zenye heshima, huenda ni ukurasa wa maana. Kila kiungo kikahesabiwa kama kura. Na penye kura, msikilizaji, hakukosekani wanunuzi wa kura. Wakazuka watu wa kuuza viungo kwa maelfu, vilivyopachikwa kwenye tovuti ambazo hakuna binadamu anayezisoma.

Mfano unaojulikana sana ni wa J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi kampuni hiyo ilivyokuwa ikitangulia kwenye Google kwa miezi kadhaa, ukitafuta magauni, matandiko au mazulia, na jinsi maelfu ya viungo vyake yalivyokutwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Google ikachukua hatua. Kwa maneno fulani ya kutafuta masanduku ya safari, kampuni hiyo ilikuwa ya 1 saa moja jioni, na saa mbili baadaye ikawa ya 71. Ikasema haikujua kilichofanywa kwa jina lake, ikaachana na mkandarasi aliyekuwa akiishughulikia kazi hiyo. Miaka mitano kabla, Februari 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye faharasa kwa siku kadhaa kwa kuweka kurasa za kuihadaa Google. Hao walikuwa na wanasheria na wataalamu wa kuwarudisha. Mkamuaji wa alizeti wa Sepuka atarudishwa na nani? Fundi kishabadilisha laini, na tovuti iliyoadhibiwa ni yako.

Siku hizi kuna sura mpya ya mchezo ule ule. Fundi anasema, "Nitakuwekea makala mia mbili kwa mwezi." Makala hizo anaziandikisha kwa akili mnemba, hazisomi hata yeye. Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupandisha nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Vivyo hivyo anayekuahidi sifa za uongo kutoka kwa wateja wasiokuwepo. Ukisikia hesabu kubwa kubwa, viungo elfu tano, makala mia mbili, nyota tano hamsini, jua unauziwa takataka kwa kipimo.

Fundi wa kweli anafanyaje basi? Wale niliozungumza nao walianza kwa kuniuliza maswali. Anauza nini, kwa nani, mteja hupiga simu kuuliza nini kwanza? Nikawaambia wateja wa mdogo wangu huuliza bei ya dumu la lita 20, kama mafuta yamechujwa, na yatafikaje. Mmoja akacheka: hayo ndiyo maneno ya kuandika kwenye tovuti, na hayamo! Nilipoangalia nikaona ni kweli. Tovuti ilijaa Kiingereza cha kujisifu, kwamba wao ni bora na wana viwango vya kimataifa. Neno dumu halimo. Neno Sepuka limo mara moja, chini kabisa. Kwa Kiingereza unashindana na dunia nzima ya wauza mafuta. Kwa Kiswahili cha mteja wako, ukitaja Singida, unashindana na wachache, na wengi wao hawajaandika lolote la maana.

Waligusa na jambo la simu. Wateja wengi wa nchi hii hufungua tovuti kwa simu na kwa bando. Google nayo, tangu ilipomaliza mabadiliko yake Oktoba 2023, huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Picha nzito za alizeti zinazochukua dakika nzima kufunguka humfukuza mteja. Wakataja pia kwamba kuiandikisha biashara yako kwenye ramani ya Google ni bure. Google hukutaka uthibitishe kuwa biashara ipo, siku hizi mara nyingi kwa kurekodi video ya mahali penyewe. Anayekuomba hela kwa niaba ya Google ili "usajiliwe" anakudanganya.

Halafu kuna suala la funguo, ambalo kwa maoni yangu linazidi yote. Jina la tovuti, yale maneno yanayoishia na .co.tz, limeandikishwa kwa nani? Neno la siri la mahali tovuti inapohifadhiwa analo nani? Google hutoa bure chombo kinachoitwa Search Console, kinachoonyesha watu waliandika maneno gani, tovuti yako ilitokea mara ngapi na ilibonyezwa mara ngapi. Mmiliki wa chombo hicho awe wewe, kwa barua pepe yako. Fundi unamwongeza kama mtumiaji, na mkiachana unamwondoa. Fundi akikataa jambo hilo, mwache aende zake. Huwezi kumpa mtu akupakie rangi nyumba kisha abaki na hati ya kiwanja.

Na usianze na kazi kubwa. Lipia ukaguzi kwanza: aitazame tovuti, aandike kwa Kiswahili unachokielewa kilicho kibovu, atakachokigusa, kwa muda gani na kwa bei gani. Ukishaisoma karatasi hiyo ndipo uamue. Ukiendelea naye, mlipe kwa kila hatua iliyokamilika.

Mdogo wangu akampigia yule bwana wa siku saba. Akamuuliza Search Console itakuwa kwa jina la nani. Simu ikakatika, na haikupatikana tena siku ile. Akatafuta mwingine, akaelekezwa kwa binti mmoja wa Dodoma anayefanya kazi hizi akiwa nyumbani. Binti akamwamkia, akamsikiliza, akasema, "Kaka, namba moja siwezi kukuahidi. Nipe elfu hamsini nikague, nikikuta hakuna cha kurekebisha nitakwambia."

Alikagua siku mbili. Nakueleza alichokikuta, msikilizaji, kwa sababu unaweza kukiangalia mwenyewe leo bila kumlipa mtu. Andika kwenye Google neno site, kisha nukta mbili, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Kwa tovuti ya mdogo wangu halikuja jibu hata moja. Google ilikuwa haijaiweka kabisa kwenye faharasa. Sababu yake: wajenzi wa tovuti, kazi ikiwa haijaisha, huweka alama ya kuizuia Google isiiorodheshe kwanza. Katika WordPress, programu inayotumiwa na tovuti nyingi mno, ni kisanduku kimoja cha kutia tiki. Yule kijana mjenzi alipomaliza kazi alisahau kuitoa. Miezi mitano mdogo wangu alikuwa amefungua duka na kuacha mlango umefungwa.

Tiki ikatolewa kwa muda usiozidi kuchemsha chai. Binti akaandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu. Bei ziwekwe, dumu litajwe, Sepuka itajwe, picha zipunguzwe uzito. Maneno mengine mdogo wangu ameyaandika mwenyewe usiku, na akanipigia kuniuliza kama "mashudu" nalo aliweke. Nikamwambia aliweke, wafugaji nao wana simu.

Wiki ya tatu tovuti imeanza kuonekana. Nilipotazama jana jioni kwa simu yangu, nikiwa hapa mjini, kwa maneno yale yale ya mafuta ya alizeti Singida, ilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Amepigiwa simu mbili na watu asiowajua. Mmoja aliuliza bei akakata, mwingine wa Morogoro ameagiza madumu sita. Jambo moja halijaisha. Jina la tovuti bado limeandikishwa kwa yule kijana aliyeijenga. Si mtu mbaya, ameahidi kulihamisha, lakini simu yake wiki hii inaita bila kupokelewa, na mdogo wangu amenituma nimtafute.