Nishani ya Babu na Rupia ya Tembo

Mzee mmoja wa Temeke, aliyelinda ghala kwa miaka mingi, alipostaafu alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua sarafu moja. Aliyemwuzia alimwambia kuwa ni rupia ya dhahabu ya Mjerumani, ile yenye picha ya tembo, iliyofukuliwa katika mahandaki ya vita huko Tabora. Mzee aliifunga katika kitambaa akaificha chini ya godoro kwa miezi minane, pasipo kumwambia hata mkewe. Siku alipoipeleka kwa sonara Kariakoo ili apate karo ya mjukuu, sonara hakuhitaji hata dakika tano. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Ndugu msomaji, usimcheke mzee huyu. Uongo aliouziwa ulijengwa juu ya ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuliko wote kuugundua. Rupia ya tembo ilikuwako. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga pwani yetu, na fedha kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Sarafu ile ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja ana tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini umeandikwa mwaka 1916 pamoja na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili yumo tai wa Ujerumani. Zilipigwa takriban 16,000 tu, kisha Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka ule ule.

Kwa kuwa ni chache, zinatafutwa duniani kote. Na kwa kuwa zinatafutwa, wametokea mafundi wa kuziiga. Lakini dhahabu haikubali kuigwa kwa urahisi. Sarafu ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, nayo ni ndogo, upana wake milimita 22. Shaba ni nyepesi kuliko dhahabu. Kwa hiyo mwenye kughushi akishika upana ule ule, uzito utapungua; akitaka uzito utimie, itambidi aifanye sarafu nene kuliko inavyopasa. Mizani ya sonara itamfichua kwa vyovyote. Mzee wetu angekwenda Kariakoo kabla ya kutoa fedha, badala ya baada, habari hii isingeandikwa.

Tena kuna hila nyingine. Mwaka ule ule Tabora ilitoa pia sarafu za heller 5 na heller 20 za shaba, nazo zina herufi T. (Neno letu "hela" asili yake ni hiyo heller.) Hizi ni za kweli kabisa, lakini si dhahabu, na hazina tembo. Mwuzaji mjanja humwonyesha mteja ile T na mwaka 1916, akamwachia mwenyewe aote ndoto iliyobaki.

Basi tuziache sarafu, tuje kwenye nishani, maana katika nyumba nyingi za Kinondoni, Magomeni na Mtoni rupia za dhahabu hazimo, bali nishani za babu zimo. Babu hao walikuwa askari wa Keya, yaani K.A.R. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1944 walivuka bahari hadi Burma, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Waliorudi walipewa nyota za shaba zenye pembe sita na nishani za duara. Huku ndiko nilikokutana na hila ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko ile ya Temeke. Huyu hakuuza cha bandia akakiita cha kweli. Alinunua cha kweli akakiita cha bandia.

Mama mmoja mjane wa Kinondoni alitembelewa na kijana nadhifu, mwenye lenzi ya kukuzia mfukoni, aliyesema anakusanya vitu vya vita. Mama akamtolea Nyota ya Burma ya marehemu mkwewe. Kijana akaigeuza, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, hii ni ya kuiga. Nyota ya kweli huandikwa jina la askari. Hii haina jina." Akamhurumia, akampa bei ya unga wa wiki moja, akaondoka nayo.

Maneno ya kijana yalikuwa nusu kweli. Nishani ambazo Mwingereza alitoa kwa Vita ya Kwanza, ile ya fedha na ile ya shaba ya ushindi, huandikwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Lakini nyota za Vita ya Pili walizopewa askari wa Keya zilitolewa bila jina. Kukosa jina ndiyo hali yake ya kawaida. Ni nyota ya Keya iliyochorwa jina ndiyo inayotaka kuulizwa, ingawa wapo askari waliojichorea wenyewe kwa fundi wa mtaani.

Kwa hiyo ukishika nyota, usitafute jina. Tafuta namna ilivyotengenezwa. Ya kweli ilipigwa kwa mashine, na maandishi yake yamesimama wima, yenye kingo kali, hata kama yamechakaa kwa kusuguliwa. Ya kuiga aghalabu ilimiminwa katika kalibu: ukiitazama kwa lenzi utaona vishimo vidogo kama vya uso wa andazi, herufi zilizolegea, na pengine mstari wa maungio ukingoni. Weka sumaku, nyota haivutwi, wala nishani za fedha, wala zile za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa. Nishani ya Vita ya Kwanza ipime upana: ikiwa chini ya milimita 36, huenda ukingo ulipigwa tupa ili jina la mtu mmoja lifutwe na la mwingine liandikwe.

Kuhusu singe na vitu vya chuma, neno langu ni fupi. Kutu ya miaka mia ni nyeusi-nyeusi, imekula chuma kwa mashimo yasiyolingana. Kutu ya chumvi na tindikali ya juzi ina rangi ya chungwa, na hubaki kidoleni ukiigusa. Sare za kijeshi zisiguswe kabisa, ziwe za kweli au za kuiga: sheria hairuhusu raia kuwa nazo, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa siku saba waliokuwa nazo wazisalimishe.

Sitaki kumdanganya msomaji kuhusu utajiri. Nyota za Burma zilitengenezwa kwa wingi, na nyota moja peke yake haijengi nyumba. Kinachoipa thamani ni kujulikana ilikuwa kifuani mwa nani. Kwa nyota isiyo na jina, jambo hilo halimo katika shaba. Limo katika cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba ya askari, kikosi chake na nishani alizostahili. Cheti hicho ndicho watu wengi hukitupa pamoja na magazeti ya zamani, au hukitenga na nishani wakati wa kugawana urithi.

Yule kijana wa lenzi alilijua hilo. Mwezi mmoja baadaye alirudi Kinondoni, akakaa mkekani, akauliza kama marehemu hakuacha karatasi yoyote ya jeshi. Safari hii alitaja bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyoilipia nyota iliyokuwa "ya kuiga". Mama akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga sanduku kwa ufunguo. Alipotoka alimwambia kwamba karatasi ipo, na kwamba ataitoa siku ile atakapoiona nyota imerudi mezani. Mpaka naandika haya kijana hajarudi.