Alikuwa hanywi kitu shuleni, kisa choo!

Jamani, kuna mambo ukiyakumbuka unaona aibu hata ukiwa peke yako chumbani. Wiki hii sizungumzii mapenzi wala fasheni. Nazungumzia mshikaji niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, kwetu Singida mjini.

Miguu yake yote miwili ilipooza kwa polio. Shule alikuja na baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mlango wa darasa ulikuwa na ngazi tatu, kwa hiyo baiskeli inabaki nje, yeye anatambaa au sisi tunambeba mgongoni huku tunacheka. Tulijiona watu wema kweli kweli!

Siku moja wakati wa mapumziko nikamgawia uji, akakataa. Nikambana: mbona kila siku hunywi kitu? Akajibu taratibu, "Nikinywa, itabidi niende chooni. Choo chenyewe si unakijua?"

Nilikijua. Tundu la kuchuchumaa, sakafu imelowa, mlango mwembamba. Anayetambaa aweke wapi viganja vyake? Alipofika darasa la sita akaacha shule. Watu wakasema hapendi kusoma. Mmh! Hesabu alikuwa ananipiga bao kila mtihani.

Najua utasema apelekwe shule maalumu. Singida tunayo Ikungi Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao, na kazi yake inaonekana. Lakini mshikaji wangu macho yalikuwa poa, akili ndiyo usiseme. Kilichomshinda ni ngazi tatu na choo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto kama yeye haki ya kusoma shule za kawaida kama wenzake.

Na wala si mambo ya mamilioni. Mafundi wana hesabu yao: kila sentimita 1 ya kupanda, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinataka mteremko wa mita 5 na nusu hivi. Mawe Singida yamejaa kila kona! Iliyobaki ni saruji, mchanga na wazazi kujitolea. Chooni weka mlango wa sentimita 90, kiti cha kukalia chenye tundu, hata cha mbao, na bomba la kushikilia ukutani. Darasani, meza ambayo kiti cha magurudumu kinaingia chini yake. Na mwalimu asimwache nje kulinda mabegi wakati wenzake wako kwenye michezo.

Wewe uliye shuleni au chuoni, kabla hujambeba mwenzako, muulize kwanza anataka nini. Sisi tulimbeba miaka yote ile, hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Angetuambia choo.