Tanzia Jukwaani, Vitabu Darasani

Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda hujifunza Kiswahili darasani, kisha wakitoka nje huwa vigumu kumpata wa kuzungumza naye. Tamthilia huwapatia hadhira. Aidha, viingilio vyake vyaweza kuinunulia shule ya jirani vitabu vya Kiswahili. Je, tuigize tamthilia ipi?

Tunapendekeza Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi iliyochapishwa mwaka 1971. Mtunzi wa asili, Sophocles, aliishi Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Hii ni tanzia, yaani mchezo unaoonyesha anguko la mtu mkuu. Mji wa Thebe umekumbwa na tauni, na wananchi wanamwendea mfalme awaokoe. Naye, katika kumsaka mwenye hatia, anagundua kuwa ni yeye mwenyewe.

Kwanza, mchezo huu hauhitaji mapambo mengi. Mambo yote hutendeka mahali pamoja, mbele ya jumba la mfalme. Hata kifo cha malkia hakionyeshwi, bali mjumbe huja kukisimulia. Pili, korasi ya wazee wa mji hutoa nafasi kwa wengi. Mwanafunzi asiyemudu kuigiza peke yake atatamka pamoja na wenzake, na kwa kurudiarudia matamshi yake yatanyooka. Aliyebobea apewe masimulizi ya mjumbe. Hapo ndipo penye mtihani wa lugha, kwani hadhira inapaswa kuona kwa masikio. Wageni wenye Kiswahili kidogo wapewe muhtasari wa kisa mlangoni, kwa lugha waielewayo.

Hata hivyo, fedha zaweza kuyeyuka. Sophocles hadai kitu, lakini tafsiri ina hakimiliki. Ruhusa iombwe kwa mchapishaji, kwa maandishi, kabla ya mazoezi kuanza. Kisha kuna ukumbi, maleba na matangazo. Hayo yote yakilipwa kwa viingilio, huenda shule isipate hata kitabu kimoja. Waathene walikuwa na utaratibu wao: raia tajiri alipewa jukumu la kugharimia korasi. Nasi tutafute mfadhili wa gharama kabla ya kuuza tiketi ya kwanza, ili kila shilingi ya mlangoni iende kwenye vitabu.

Mwisho, hesabu isomwe hadharani. Edipode alikubali habari za uchunguzi wake zisemwe mbele ya watu wote. Itakuwa aibu sisi tuliomwigiza tuzifungie zetu ofisini.