Tarakilishi ilipokosea hesabu ya vifungo

JELA ya kisasa hailindwi kwa kuta na kufuli pekee. Katika nchi nyingi, siku ya mfungwa kuachiliwa hukokotolewa na programu ya tarakilishi, wala si karani mwenye daftari na kalamu. Programu hiyo ikikosea, lango hufunguliwa kabla ya wakati.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika jimbo la Washington, Marekani. Mnamo Desemba 22, 2015, Gavana Jay Inslee alitangaza kwamba wafungwa wapatao 3,200 walikuwa wameachiliwa mapema kimakosa tangu 2002.

Programu za aina hii hufanya kazi kwa hatua. Mshukiwa anapokamatwa, jina, alama za vidole na kosa lake huingizwa katika rekodi. Akihukumiwa, muda wa kifungo huongezwa. Kisha programu huondoa siku alizokaa rumande, pamoja na zile anazopunguziwa kwa mwenendo mwema, na kutoa tarehe.

Hesabu yaonekana rahisi, lakini sheria ina vipengele vingi. Mjini au mashambani jimboni Washington, aliyetenda kosa akiwa na bunduki huongezewa muda usiopunguzwa kwa mwenendo mwema. Mwaka wa 2002, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba siku za mwenendo mwema ambazo mfungwa alijipatia katika jela ya kaunti zihesabiwe pia anapohamishiwa gereza la jimbo. Programu iliporekebishwa ili kutii uamuzi huo, iliandikwa vibaya. Wafungwa wenye adhabu ya ziada wakapunguziwa siku nyingi kuliko walivyostahili.

Kwa miaka 10 kosa hilo halikushughulikiwa. Desemba 2012, familia ya mtu aliyeshambuliwa ilipiga hesabu yenyewe, ikabaini kuwa mshambuliaji angetoka mapema, na kuiarifu Idara ya Magereza. Marekebisho yaliombwa, ila yakaahirishwa mara 16.

Kuchelewa huko kuligharimu maisha. Mei 2015, kijana wa umri wa miaka 17 aliuawa kwa risasi mjini Spokane. Novemba mwaka huo, mwanamke alifariki katika ajali ya gari. Katika visa vyote viwili, waliolaumiwa walikuwa watu ambao siku hiyo walipaswa kuwa gerezani.

Gavana aliamuru wafungwa wa kundi hilo wasiachiliwe kabla ya tarehe zao kukaguliwa kwa mkono. Programu ilirekebishwa Januari 2016, na mwezi uliofuata mkuu wa idara, Dan Pacholke, akatangaza kujiuzulu.

Kosa laweza pia kumwumiza mfungwa. Mnamo 2021, wafanyakazi wa magereza ya Arizona walifichua kuwa programu yao haikuweza kukokotoa nafuu iliyoletwa na sheria ya 2019, hivyo waliostahili kutoka wangeweza kuendelea kuzuiliwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Magereza humruhusu mfungwa, isipokuwa kwa makosa fulani, kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema. Aliyefungwa miaka 9 aweza kutoka baada ya 6. Kanuni kama hiyo, pamoja na vighairi vyake, ndiyo huandikwa katika programu. Tarakilishi hutii iliyoambiwa, hata ikiwa imeambiwa vibaya. Kuikagua ni kazi ya binadamu.