Nishati jadidifu yaanza kuendesha vyombo vya usafiri

SEKTA ya usafiri duniani ingali inategemea bidhaa za mafuta ya petroli kwa takriban asilimia 90 ya nishati yake. Ndiyo maana bei ya mafuta ikipanda katika soko la dunia, nauli na bei za vyakula nazo hupanda.

Hata hivyo, nchi kadhaa zimeanza kujinasua.

Brazil ilianza mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Serikali ilianzisha mpango wa kuzalisha ethanoli kutokana na miwa. Mwaka 2003 yaliingia sokoni magari yanayotumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili, na tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida huchanganywa na asilimia 30 ya ethanoli.

Norway, inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na maporomoko ya maji, iliyapunguzia kodi magari ya umeme. Mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme. Nchi hiyohiyo huuza mafuta na gesi kwa wingi nje.

Nchini Uholanzi, treni za umeme za shirika la reli la NS zinatumia nishati ya upepo tangu Januari 2017. Umeme wa upepo huingizwa katika gridi ya taifa, na shirika hununua kiasi kinacholingana na matumizi yake.

Barani Afrika, Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli ili kuokoa fedha za kigeni. Umeme wake karibu wote hutokana na maji. Mwaka huohuo, Tanzania ilianza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ingawa gridi yake hutegemea pia gesi asilia.

Aidha, chombo cha umeme si lazima kiwe safi. Jiji la Shenzhen, China, lilikamilisha mwaka 2017 kubadili mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme, lakini makaa ya mawe ndiyo chanzo kikuu cha umeme nchini humo. Moshi umetoka barabarani, ukahamia kwenye mitambo ya kufua umeme.

Ethanoli nayo huhitaji ardhi ambayo ingeweza kulimwa chakula. Kwa hiyo, kila nchi hulazimika kupima kwanza ina nini: maji, upepo au mashamba.